Dhahabu Nyingine Ipo Bandani

Ukikaa kwenye kibanda cha chipsi mayai pale Katoro, Geita, utaona trei zikipungua kabla jua halijazama. Wachimbaji wa dhahabu wanakula na wanalipa taslimu. Lakini kaya nyingi za Shinyanga na Geita bado zinafuga kwa kubahatisha: asubuhi kuku wanafunguliwa, jioni wanahesabiwa waliorudi.

Tetea wa kienyeji hutaga mayai kumi hadi kumi na tano, huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga kwa majuma kadhaa. Muda wote huo hatagi. Anayetaka mayai ya kuuza amtenganishe na vifaranga mapema, naye atarudi kutaga. Chakula kisimfilisi mfugaji: mchana kuku wajitafutie, jioni waongezewe pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na vumbi la dagaa. Wasizurure tu kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa dhahabu, maana zebaki iliyomo ni sumu.

Adui mkubwa ni ugonjwa wa mdondo, unaofagia banda zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya I-2: tone moja jichoni kila miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi, hivyo majirani wachangiane.

Tunazishauri halmashauri zielekeze sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wafugaji, kila kijiji kikiwa na mchanjaji wake. Na migodi inayolisha mamia ya wafanyakazi ianze kununua mayai kwa jirani. Haba na haba hujaza trei.