Jina la Benki Si Hati ya Mali



Wengi wenye shamba la shirika hufungua hesabu moja benki kwa majina mawili, ili fedha za karafuu ziingie humo. Si vibaya, lakini yafaa tujue tunachotia sahihi. Mkiandika kuwa sahihi ya mmoja yatosha, kila mmoja aweza kutoa fedha zote bila ya kumwuliza mwenziwe, na benki haina lawama. Mkiandika sahihi zote mbili, haitoki hata senti mpaka wote wawili waridhie.

Tena, benki yajua majina tu. Haijui nani ana mikarafuu mingapi. Mmoja akifariki, aliyebaki asidhani zote zimekuwa zake. Kwa sharia yetu fungu la marehemu ni mirathi: baada ya mazishi, deni na wasia, mkewe ana thumni yake ikiwa marehemu ameacha watoto. Hapa ndipo yatima hudhulumika, kwa kukosa karatasi.

Rai yangu ni kuchagua sahihi mbili, na kuandikiana mafungu mbele ya mashahidi kabla ya kuchuma. Kuandikiana si kutoaminiana. Al-Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika deni.

Katibu