SAA YA KAZI NA SAA YA GARI



Lango la kazi hufungwa saa moja kamili. Hiyo ni saa ya mwajiri, nayo imeandikwa ukutani. Lakini gari limchukualo mfanya kazi kutoka Kahawa Sukari, saa yake haikuandikwa mahali po pote. Anayechelewa hukatwa mshahara.

Kwetu sisi wa reli treni ina ratiba. Ikichelewa dakika ishirini kila abiria ajua imechelewa, na twatukanwa (haki yao). Matatu haichelewi kamwe, kwa sababu haikuahidi saa yo yote. Huondoka ikijaa. Wala tusimlaumu dereva na makanga bure. Hao ni wafanya kazi kama sisi, na jioni lazima wampelekee mwenye gari hesabu yake, hata kama viti vilikuwa vitupu.

Wengine hutegemea simu. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani, MIT na Columbia, walituma watu wapande matatu na kuandika kila kituo. Zikapatikana njia zaidi ya 130, na mwaka 2015 zikatiwa katika Google Maps. Kazi njema sana. Lakini ile ramani yajua njia na vituo tu. Saa zake ni za kukisia, kwani hapakuwa na ratiba ya kunakili.

Basi kwa sasa mtu ahesabu kwa kurudi nyuma, tangu langoni hata nyumbani. Wengi wetu huhesabu safari peke yake. Husahau kungoja gari lijae, husahau msongamano wa Githurai, Roysambu na Pangani, na husahau mwendo wa miguu mjini, maana gari la kwanza na lile la kwenda Industrial Area hayasimami steji moja. Tena usiyatumaini magari ya Thika, namba 237. Yakiwa yamejaa huko, mara nyingi hupita barabara ya kati, nawe umesimama njia ya pembeni ukiyapungia mkono.

Chama kisikubali jambo hili liishie hapo. Hatudai dakika kwa dakika. Twataka vyama vya wenye matatu na Serikali ya Kaunti wabandike kila kituo mambo matatu: gari la kwanza, gari la mwisho, na muda mrefu kabisa wa kungoja asubuhi. Gari la mwisho ni jambo kubwa kwa wenzetu wa zamu ya usiku, hasa akina mama, ambao huachwa barabarani.

Tukienda mezani mikono mitupu tutachekwa. Kwa hiyo kila mwanachama aandike kwa majuma mawili: saa aliyofika kituoni, saa gari lilipoondoka, saa aliyofika kazini, na nauli aliyotozwa, siku za mvua pia. Karatasi zipelekwe kwa Katibu wa Tawi kabla ya mkutano ujao.