Daftari la Hesabu Si Karatasi ya Kufungia Karanga

Husemwa kwamba historia ya somo la hesabu huandikwa na wizara na wakuu wa vyuo. Naikataa kauli hiyo.

Nerida Ellerton na Ken Clements, mke na mume, walitoka Australia wakawa maprofesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Illinois, Marekani. Huko walikusanya na kuchunguza madaftari ya hesabu yaliyoandikwa kwa mkono na wanafunzi wa karne zilizopita. Mwaka 2013 walionyesha kwamba kurasa mbili zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard zilitoka katika daftari la ujanani la Abraham Lincoln. Sifa yao ya kitaaluma imejengwa juu ya karatasi ambazo wengine wangezitupa.

Nasi wa Arua na Koboko je? Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa shule za Afrika. Vitabu hivyo vinakumbukwa. Lakini mtoto aliyehesabu nyumbani kwa Kilugbara au Kikakwa, kisha akatahiniwa kwa Kiingereza, alielewa nini? Jibu limo katika daftari lake, nalo hufungiwa karanga sokoni.

Usiniambie kwamba hatuna fedha. Daftari halidai ruzuku. Ladai sanduku kavu, jina la shule na mwaka. Basi mwombe babu au shangazi yako lake kabla mchwa hawajalila. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunapoteza hata daftari lenyewe.