Kabla Riba Haijashiba

Sherehe za kuhamia nyumba mpya huko Ruiru, Kitengela au Syokimau hufanana: hema uani, sufuria za pilau, dua mlangoni, na wazee wakimpongeza kijana kwa kuacha kulipa kodi ya mwenye nyumba. Ni nadra mtu kutaja miaka 20 iliyo mbele. Hati ya nyumba haiko kabatini. Iko benki, na nyumba imewekwa rehani.

Waliofika hapo kwa mkopo wa benki si wengi. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, mikopo ya nyumba ilikuwa takribani 30,000 mwishoni mwa 2023, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya milioni 12. Wakenya walio wengi hujenga polepole, vyumba viwili leo, paa mwakani, kwa mkopo wa Sacco na pesa za chama. Lakini hao wachache, pamoja na wanaojaza fomu sasa hivi, wamejitwika mzigo ambao hesabu yake haielezwi waziwazi siku ya kutia sahihi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu amekopa Sh4 milioni kwa riba ya asilimia 13, alipe kwa miaka 20. Kila mwezi atalipa takribani Sh46,863. Katika malipo ya kwanza kabisa, Sh43,333 zinamezwa na riba, na deni lenyewe linapungua kwa Sh3,530 tu. Akifikisha miaka mitano atakuwa ametoa zaidi ya Sh2.8 milioni, jasho la miezi 60, na deni litakuwa limeshuka kwa kama Sh296,000. Akiendelea hivyo hadi mwisho, atakuwa amelipa zaidi ya Sh11.2 milioni kwa nyumba aliyokopea milioni nne. Hapo hajaibiwa na mtu. Riba hukokotolewa juu ya salio, na salio likiwa nene, riba nayo hunenepa.

Ubaya huo wa hesabu una upande wa pili, na upande huo ndio unaostahili kutangazwa. Mkopaji huyo huyo akiongeza Sh5,000 kila mwezi tangu mwanzo, atamaliza kwa miaka 14 badala ya 20, na riba itapungua kwa zaidi ya Sh2.5 milioni. Akiweza Sh10,000, atamaliza kwa miaka 11 na ushei, na kuokoa zaidi ya Sh3.6 milioni.

Sh5,000 kwa mwezi ni kama Sh165 kwa siku. Hapo ndipo mambo ya sufuria na kikapu yanapoingia, mambo ambayo wataalamu wa fedha huyapita haraka kana kwamba ni ya kina mama tu. Anayebeba chakula kutoka nyumbani badala ya kununua sahani ya mchana karibu na ofisi ameshaipata sehemu kubwa ya pesa hiyo. Majirani wanne wa mtaa mmoja wakiamkia soko la Marikiti Jumamosi alfajiri, wakanunua gunia la viazi na kreti ya nyanya wakagawana, hawalipi bei ya kibanda cha mlangoni. Maharagwe na mahindi ya githeri yakichemshwa mara moja kwa wiki kwenye sufuria kubwa, kisha yakahifadhiwa kwenye friji, mtungi wa gesi hukaa siku nyingi zaidi. Wako pia wanaokopa kwa simu kila mwezi kwa ajili ya mambo madogo, wakilipa ada juu ya ada. Kuachana na tabia hiyo peke yake kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kupunguza sukari.

Lakini kubana matumizi kuna mahali pake. Maziwa ya mtoto, dawa za shinikizo la damu za mama aliyeko kijijini, karo: hivyo havibanwi. Kinachostahili kubanwa kwanza ni fahari, na katika miji yetu fahari kubwa ni gari. Familia nyingi huhamia nyumba ya mkopo na kabla rangi haijakauka zimechukua mkopo mwingine wa gari, eti mtaa mpya una macho. Gari hilo linashuka thamani kila mwaka huku likidai mafuta, bima na maegesho. Familia itakayovumilia matatu kwa miaka mitano ya mwanzo, au ikaendelea na gari lile lile kuukuu, itapata pesa ambazo hata mwaka mzima wa kuhesabu vijiko vya mafuta ya kupikia hauwezi kuzileta.

Na kwa nini miaka ya mwanzo? Mfano mmoja unatosha. Sacco nyingi hulipa gawio miezi ya mwanzo ya mwaka, baada ya mkutano mkuu. Tuseme mkopaji wetu amejikusanyia Sh100,000, gawio likiwamo, na akaziingiza zote kwenye deni mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kitendo hicho kimoja kinamfutia takribani miezi 22 ya malipo. Akingoja hadi mwisho wa mwaka wa 15 ndipo aziingize Sh100,000 zile zile, atafutiwa miezi minne tu. Pesa ni ile ile, deni ni lile lile. Ndiyo maana ushauri unaosikika kila mahali, kwamba mtu apumue kwanza, anunue samani, kisha aanze kuongeza malipo mshahara ukipanda, ni ushauri wa gharama kubwa mno. Kochi linaweza kungoja.

Kuna jambo dogo la kiofisi ambalo limewaumiza wengi. Pesa ya ziada ikiingizwa kwenye akaunti ya mkopo bila maelezo, benki inaweza kuihesabu kuwa malipo ya mwezi ujao yaliyokuja mapema, na deni lisipungue inavyotarajiwa. Mkopaji anapaswa kuandika barua, au barua pepe, akisema wazi kwamba pesa hii ni ya kupunguza deni lenyewe, kiwango cha kila mwezi kibaki kilivyo na muda ndio ufupishwe. Kisha adai jedwali jipya la malipo na alisome. Na kabla ya kutia sahihi mkataba wowote, aulize kama kuna ada ya kulipa mapema, kwa sababu baadhi ya mikataba inayo.

Wako wanaopinga haraka hii, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema serikali humsaidia mkopaji: tangu mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, riba ya nyumba ya kuishi hadi Sh360,000 kwa mwaka hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, huo ni unafuu wa hadi Sh9,000 kwa mwezi. Ni kweli. Ila unafuu huo unaishia kwenye riba ya Sh30,000 kwa mwezi, na mkopaji wetu ameanza na Sh43,333. Mpaka deni lake lishuke chini ya kama Sh2.77 milioni, malipo yake ya ziada hayagusi unafuu huo hata kidogo.

Hoja yao nyingine, kwamba akiba ipelekwe kwenye hati fungani za serikali badala ya kulipia deni, ina nguvu zaidi. Februari 2024 serikali ilitoa hati fungani ya miundombinu yenye faida ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Mwenye mkopo wa asilimia 13 na akiba mkononi siku zile alikuwa na sababu nzuri ya kuipeleka akiba huko. Lakini fursa kama hizo huja na kupita, na zinahitaji mtu anayefuatilia. Pia hakuna wa kumshauri mtu amimine kila senti kwenye deni akabaki hana kitu. Miezi mitatu au minne ya matumizi iwekwe kando kwanza, kwani benki haitamrudishia alicholipa siku atakayopoteza kazi.

Upande mwingine upo mshtuko wa riba yenyewe. Mikopo mingi ya nyumba nchini ina riba inayopanda na kushuka. Mwanzoni mwa 2022 kiwango cha msingi cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7. Kufikia Februari 2024 kilikuwa 13. Deni la Sh4 milioni likitozwa asilimia 16, riba ya mwezi mmoja ni Sh53,333, zaidi ya malipo yote ya awali ya mkopaji wetu. Aliyekuwa amepunguza deni mapema aliumia kidogo. Tangu Agosti 2024 kiwango hicho kilianza kushushwa, na hapo pana nafasi nyingine: benki ikipunguza kiasi cha kila mwezi, familia iliyokwisha kuzoea kiwango cha zamani iendelee kulipa kile kile.

Yote haya yangekuwa rahisi zaidi kama taarifa ya kila mwezi ingemweleza mkopaji, kwa lugha anayoiongea, kiasi kilichokwenda kwa riba, kiasi kilichopunguza deni, na tarehe atakayomaliza iwapo ataongeza elfu mbili au tano. Benki Kuu inaweza kuyadai hayo kwa waraka mmoja. Kompyuta za benki zinazo tarakimu zote.

Kwa sasa, anayemaliza ajue safari ina hatua moja zaidi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa haki ya kufutiwa rehani akishalipa chote na kutimiza masharti, wakati wowote kabla nyumba haijauzwa na benki. Hati ya kufuta rehani hutiwa sahihi na benki, kisha husajiliwa kwenye afisi ya ardhi. Wengine huishia kwenye barua ya pongezi na kurudi nyumbani, hadi miaka mingi baadaye watoto wanapotaka kugawana, wanafanya upekuzi na kukuta jina la benki bado liko kwenye daftari.