Mwizi wa shaba hana haja na faiba
KUTOKA MPAKANI
Na Okumu Barasa

Kampuni za intaneti zikija kutunadia faiba, wimbo wao ni mmoja tu: kasi. Sisi wa Busia na Malaba tuna sababu mbili nyingine za kuitaka, na kwa maoni yangu zinaizidi hiyo kasi. Mwizi haiuzi, na radi haipiti ndani yake.

Wa rika langu wanakumbuka simu za mezani zilivyonyamaza moja baada ya nyingine, nguzo zikabaki kando ya barabara bila waya. Shaba ilikatwa usiku, ikachomwa mpira wake, asubuhi iko kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Tulitungiwa sheria ya vyuma chakavu mwaka 2015, wizi ukaendelea. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta akaipiga marufuku biashara hiyo nchi nzima, baada ya minara ya umeme kuharibiwa. Miezi michache baadaye ikaruhusiwa tena. Faiba ni kioo chembamba kama unywele. Nani atakipima kwa kilo? Wapo wanaoichimbua wakidhani ni shaba, lakini huo ni ujinga, na ujinga hauna soko.

Radi nayo haihitaji maelezo kwa mtu wa huku. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Waya wa shaba hubeba umeme, kwa hiyo radi ikiupiga huufuata hadi sebuleni na kuunguza vyombo. Kioo hubeba mwanga peke yake.

Kuhusu umbali sina mengi. Intaneti ya waya wa simu, ukiwa kilomita tano kutoka kituo cha simu, ni ya kubahatisha. Mwanga ndani ya faiba huenda makumi ya kilomita kabla ya kuhitaji kuongezewa nguvu. Ndiyo maana tangu mikonga ya baharini ya TEAMS na SEACOM ifike Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kampala imekuwa ikipita hapa hapa kwetu mpakani. Inapita, hiyo ndiyo shida. Wakala wa forodha Malaba anaijua thamani yake, maana mtandao ukipotea malori hayasogei. Lakini ingia ndani kidogo, Butula hadi Khunyangu, uulize ni shule ngapi za msingi zimefungiwa faiba.

Tusidanganyane, shaba ilikuwa na sifa yake. Simu ya zamani ililetewa umeme na waya wake kutoka kituoni, hivyo stima ikipotea uliweza bado kumwita daktari. Kifaa cha faiba kinazima pamoja na taa, basi hospitali itakayounganishwa ipewe na betri. Tena faiba ikikatwa na tingatinga, huwezi kuisokota kwa koleo kama shaba. Inataka mashine ya kuiunganisha na fundi aliyefunzwa.

Tingatinga lenyewe tunaliita sisi. Tunaweka lami leo, kesho tunaichimba kupitisha kebo. Serikali ya kitaifa iliahidi mwaka 2022 kutandaza kilomita 100,000 za faiba kwa miaka mitano. Wahandisi wa kaunti, msisubiri zifike: kila barabara mnayoijenga, lazeni bomba la kebo kabla ya lami, na zahanati na shule zilizo kando yake ziunganishwe kwanza.