Shomoro na Ghala la Mkulima

Mkulima amwonapo shomoro juu ya mpunga ulioanikwa, humwita mwizi. Lawama hiyo ina haki yake, lakini yasahau jambo moja kubwa: kilimo chenyewe ndicho kilichomlea shomoro wa majumbani hata akawa alivyo leo.

Kilimo cha ngano na shayiri kilianza Mashariki ya Kati yapata miaka 11,000 iliyopita. Palipokuwa na nyasi za mwituni pakawa na mashamba, na kando ya mashamba yakajengwa maghala. Ndege aliyeweza kula nafaka na kuvumilia kelele za watu alipata chakula mwaka mzima. Mwaka 2018 wataalamu walichapisha matokeo ya kulinganisha jeni za shomoro wa majumbani na za nduguye wa Asia ya Kati, ambaye hadi leo hujitenga na watu na huhama kwa majira. Walikadiria kuwa koo hizo mbili ziliachana takriban wakati kilimo kilipochipuka. Walikuta pia dalili za mabadiliko katika jeni mbili za shomoro wa majumbani: moja huhusika na umbo la fuvu, na nyingine na kimeng'enya cha kuyeyusha wanga. Mbwa naye, alipozoea makombo ya mkulima, alipata mabadiliko katika jeni za wanga.

Wapo wasemao kwamba dawa ya mwizi ni kumwangamiza. Uchina ilijaribu. Mwaka 1958 wananchi walihimizwa kupiga ngoma na masufuria ili shomoro wa huko, aliye wa jamii ya jirani, asipate pa kutua hata aanguke kwa uchovu. Walikufa kwa wingi mno. Lakini shomoro hulisha makinda yake wadudu. Wadudu wakazidi mashambani, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa katika orodha ya maadui.

Kilimo kilichomwinua ndege chaweza pia kumwangusha. Nchini Uingereza, ndege wa mashambani kwa ujumla wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1970. Dawa za magugu zimeondoa mbegu na wadudu waliowalisha, na nafaka hupandwa mapema kabla ya baridi, hata mabua yenye masalio hayabaki tena.

Basi mkulima afungaye ghala lake barabara hupunguza shomoro bila sumu, kwani amekata chanzo cha wingi wao. Walimu wa biolojia waweza kuanzia hapo: wanafunzi wahesabu shomoro walio karibu na mashine ya kusaga na walio mbali nayo, majira hata majira. Kabla ya kumhukumu kwa sumu ndege yeyote alaye nafaka, kwelea kwelea akiwamo, yapasa ijulikane kwanza wingi wake umeletwa na nini.