Mvutano wa mashabiki wa X-Men: Hoja ni thamani ya mkono wa mchoraji

MASHABIKI wa X-Men, lile kundi la mashujaa wa katuni wa Kimarekani wenye nguvu zisizo za kawaida, hawajawahi kuwa watu wa kukubaliana. Lakini tangu kampuni ya Marvel ilipohitimisha zama za Krakoa Juni 2024 na kuanza upya mwezi uliofuata, mabishano yao yamehama kutoka kwenye swali la nani ana nguvu kuliko nani, yakaingia kwenye swali zito zaidi: nani anachora, na kwa nini haachwi aendelee kuchora?

Kwa mtu wa nje, ugomvi huu unaweza kuonekana wa kitoto. Watu wazima wenye kazi na familia wanawezaje kukesha wakibishana juu ya unene wa mstari wa wino au umbo la kidevu? Hata hivyo, anayetulia na kuwasikiliza atagundua kuwa nyuma ya kelele hizo kuna suala la ajira, haki na heshima ya kazi ya mikono ambalo tasnia hiyo imekuwa ikilikwepa kwa zaidi ya miaka 60.

Itakumbukwa kuwa X-Men wa leo wametoka katika kipindi kilichoacha alama kubwa. Julai 2019, mwandishi Jonathan Hickman alianzisha hadithi iliyowapa mashujaa hao, ambao huzaliwa na vinasaba vinavyowafanya waogopwe na kuchukiwa na jamii, taifa lao wenyewe katika kisiwa cha Krakoa. Hadithi hiyo ilianza katika majarida mawili, House of X na Powers of X, yaliyotoka kwa kupokezana kila wiki kwa wiki 12.

La kwanza lilichorwa na Pepe Larraz wa Hispania, na sehemu kubwa ya la pili ilichorwa na R.B. Silva wa Brazil. Ingawa mikono ilikuwa miwili, msomaji hakuyumba, kwa sababu mtia rangi mkuu alikuwa mmoja, Marte Gracia, na kazi ilikuwa imepangwa mapema. Kipindi hicho ndicho mashabiki wengi wanachokitumia kama mizani ya kupimia kila kilichofuata.

Mwaka 2024, chini ya mhariri Tom Brevoort, kundi liligawanywa upya katika majarida makuu matatu. X-Men liliandikwa na Jed MacKay na kuchorwa na Ryan Stegman. Uncanny X-Men likawa la Gail Simone na mchoraji David Marquez. Na Exceptional X-Men likawa la Eve L. Ewing na mchoraji Carmen Carnero.

Mapokezi yaligawanyika tangu siku za mwanzo. Wapo wanaoipenda michoro ya Stegman kwa mistari yake mizito na miili inayoonekana kama inataka kuruka nje ya ukurasa. Wapo wanaodai kuwa mtindo huo unafaa zaidi mambo ya kutisha kama Venom, jarida lililompa sifa kabla ya hapo, kuliko kundi la watu wanaopaswa kuonyesha huzuni, aibu na mapenzi. Marquez amesifiwa kwa usafi wa mstari wake, na Carnero kwa nyuso zinazosema hata pale ambapo hakuna maneno.

Hayo ni mambo ya ladha, na wahenga walishasema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ambalo si la ladha ni kwamba muda mfupi baada ya kuanza, wachoraji walianza kupokezana. Stegman alipumzishwa na Netho Diaz wa Brazil. Katika Uncanny X-Men, kurasa zilipitia pia mikononi mwa Javier Garrón, Andrei Bressan na Luciano Vecchio. Wote ni mafundi wa kuheshimika, lakini Rogue wa mmoja si Rogue wa mwingine, na msomaji aliyekwishaizoea sura moja hulazimika kuanza kuizoea nyingine hadithi ikiwa katikati.

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini jambo hili huuma zaidi katika majarida ya makundi kuliko ya shujaa mmoja? Jibu liko katika aina ya kazi yenyewe. Katika jarida la Spider-Man, kinyago hufunika mengi, na mchoraji akibadilika vazi hubaki lile lile. Katika X-Men la 2024 kulikuwa na wahusika wanane wa kudumu, akiwamo Cyclops, Magneto, Psylocke na Magik. Katika Uncanny X-Men walikuwapo wakubwa watano na vijana wanne waliowakimbilia.

Mchoraji wa jarida la namna hiyo anatakiwa kuwapa watu wanane au tisa miili tofauti, mikao tofauti na namna tofauti za kukasirika, wakati mwingine wote ndani ya fremu moja. Hiyo ndiyo siri ya hadithi za makundi: msomaji hununua uhusiano kati ya watu, na uhusiano huo huonekana katika nani amesimama karibu na nani na nani amegeuza uso. Mwandishi anaweza kuagiza hayo kwa maneno. Anayeyatimiza ni mchoraji.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Toleo moja la kawaida lina kurasa zipatazo 20 za hadithi. Mchoraji mwenye kasi nzuri humaliza ukurasa mmoja kwa siku, hivyo toleo moja humlia wiki nne za kazi. Tukichukulia jarida linalotoka mara 18 kwa mwaka, zitahitajika kurasa 360, wakati mwaka mzima una siku za kazi zipatazo 260 kabla ya kuondoa likizo, ugonjwa na misiba. Ni dhahiri kwamba hakuna binadamu anayeweza kuibeba ratiba hiyo peke yake. Kupokezana, kwa hiyo, kumo ndani ya mpango wa biashara tangu siku ya kwanza.

Wachapishaji nao wana hoja yao, na haifai kupuuzwa. Maduka ya katuni ya Marekani huagiza mapema na huishi kwa wateja wanaorudi kila wiki. Jarida linalochelewa miezi mitatu humpoteza mteja, na mteja huyo akiondoka hubeba na pesa za majarida mengine. Kwa mhariri, toleo lililochorwa na mtu wa pili likatoka kwa wakati ni bora kuliko toleo zuri lisilotoka.

Washindani wao, DC, wameonekana kupata bahati. Novemba 2024 walizindua Justice League Unlimited, lililoandikwa na Mark Waid na kuchorwa na Dan Mora wa Costa Rica, ambamo karibu kila shujaa wa kampuni hiyo ni mwanachama wa kundi. Mora anasifiwa kwa kuunganisha mambo mawili adimu, uzuri na kasi. Lakini kipaji cha mtu mmoja hakiwezi kugeuzwa kuwa kipimo cha wafanyakazi wote. Anayefanya hivyo anatafuta kisingizio cha kuwachosha wengine.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mjadala huu una uso anaoufahamu. Storm, ambaye jina lake ni Ororo Munroe, ni miongoni mwa wanachama maarufu zaidi wa X-Men, na katika hadithi mama yake N'Daré ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Alibuniwa na mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum, akatokea kwa mara ya kwanza mwaka 1975, akionyeshwa Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Kenya hiyo ilikuwa ya kufikirika, iliyochorwa kutoka mbali sana, lakini mwanamke mwenyewe alisimama: mwaka 1986 alimshinda Cyclops katika pambano la kuwania uongozi wa kundi, bila hata kuwa na nguvu zake.

Mashabiki wa Storm, wengi wao weusi, kwa miaka mingi wamelalamikia jambo moja: ngozi yake hupauka au kukolea kutegemea ni nani anatia rangi, na sura yake hubadilika kutegemea ni nani anachora. Mwaka 1975, uchapaji ulitumia rangi chache kwenye karatasi duni, na utetezi wa kiufundi ulikuwapo. Leo rangi hutiwa kwa kompyuta, na mtia rangi huchagua kila kivuli kwa hiari yake. Utetezi huo umekwisha, na wanaolalamika wana haki ya kujibiwa.

Ni vema pia kusema palipo na nafuu. Oktoba 2024, Marvel ilimpa Storm jarida lake binafsi, likaandikwa na Murewa Ayodele wa Nigeria na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazil. Ayodele na Mnigeria mwenzake, mchoraji Dotun Akande, walikuwa wameshatoa I Am Iron Man mwaka 2023. Maana yake ni kwamba mlango ambao zamani ulihitaji mtu ahamie New York sasa unafikiwa kutoka Afrika, na masharti ya kazi ya wachoraji wa katuni za Marekani yanaweza kumgusa kijana anayechora Lagos, Nairobi au Dar es Salaam.

Masharti hayo yana historia ya kusikitisha. Wahusika ni mali ya kampuni, na mchoraji hulipwa kwa kazi aliyoifanya. Cockrum, aliyempa Storm sura, nywele nyeupe na joho lake, aliugua vibaya mwaka 2004, na wenzake katika fani wakatoa kitabu cha kumuenzi na kumchangia. Alifariki dunia Novemba 2006. Kufikia wakati huo, Storm alikuwa ameshaonekana katika filamu tatu za X-Men, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2000 iliyoingiza zaidi ya dola milioni 290 duniani.

Jack Kirby, aliyewachora X-Men wa kwanza kabisa mwaka 1963 akiwa na mwandishi Stan Lee, naye alifariki mwaka 1994 bila suala la haki zake kumalizwa. Familia yake ilifikia makubaliano na Marvel mwaka 2014, yaani miaka 20 baadaye.

Wachoraji waliwahi kuonyesha nguvu yao mara moja. Mwaka 1991, toleo la kwanza la jarida jipya la X-Men, lililochorwa na Jim Lee na kuandikwa na Chris Claremont, liliuza zaidi ya nakala milioni nane kwa maduka, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata, Lee na wenzake sita waliondoka na kuanzisha Image Comics, kampuni ambayo msanii humiliki alichobuni. Marvel iliendelea kuchapisha, lakini somo lilibaki: kumbe wasomaji wengi walikuwa wanaufuata mkono.

Leo Jim Lee huyo huyo ni kiongozi wa juu wa DC. Oktoba 2025, akizungumza katika maonyesho ya katuni ya New York, alitamka kuwa kampuni yake haitaunga mkono hadithi wala michoro inayotengenezwa na akili mnemba. Kauli hiyo ilishangiliwa, na ilistahili. Lakini ahadi hupimwa siku ya njaa. Kampuni yenye ratiba ya kurasa 360 na wachoraji waliochoka ndiyo itakayoshawishika kwanza na mashine isiyolala wala kudai malipo ya ziada.

Na hapo ndipo mashabiki nao wanapaswa kujitazama kwenye kioo. Wengi wao wanataka mchoraji yule yule kila toleo, michoro yenye maelezo mengi, jarida litoke bila kuchelewa hata wiki moja, na bei isivuke dola nne au tano. Mambo hayo manne hayakai chungu kimoja. Wakati mwingine hasira inayopaswa kuelekezwa kwa ratiba humwangukia mchoraji wa zamu, aliyepewa wiki chache kuokoa toleo, na ambaye hulala akisoma matusi ya watu wasiomjua.

Njia ya kati ipo, na Marvel yenyewe iliionyesha mwaka 2019. Ni kupanga wachoraji wawili tangu mwanzo, kila mmoja akabidhiwa sura kamili ya hadithi badala ya kuziba pengo. Kumuweka mtia rangi mmoja ili macho ya msomaji yasipotee. Na kuwa na ujasiri wa kupumzisha jarida mwezi mmoja au miwili, kama tamthilia za televisheni zinavyopumzika kati ya misimu. Hilo litagharimu mauzo ya miezi kadhaa, lakini litaokoa kundi zima.

Wasomaji wa Taifa Leo waliokua na Juha Kalulu wa Edward Gitau hawahitaji mhadhara kuelewa jambo hili. Walimtambua Juha kabla ya kusoma neno, kwa sababu mkono uliomchora ulikuwa ule ule. Mashabiki wa X-Men wanadai kitu hicho hicho, kwa sauti kubwa na wakati mwingine kwa lugha isiyo na staha. Madai yao ni halali. Kilichobaki ni wao kukubali kusubiri kidogo zaidi, na wachapishaji kukubali kulipia kusubiri huko.